Juisi ya Karela ya Siku Mbili

Sogeeni hapa, jamaa zangu wa mtaa wa wafumaji, hasa nyinyi mnaojipongeza kila mnapotoka kupimwa sukari. Habari hii ni ya nyumba mnayoijua.

Nyumba ya Sabapathi, hapa Kanchipuram, ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi mtambo wa kufumia hariri ulianza kugonga kabla jua halijafika uani. Mkewe, Alamelu, alimimina kahawa ya maziwa kutoka bilauri hadi bilauri mpaka ikapanda povu. Kaka mkubwa wa Sabapathi, Masilamani, alikaa kizingitini akizungusha uzi kwenye vigurudumu na kuimba vibaya kwa makusudi. Masilamani haoni. Kisukari kilimpofusha akiwa na miaka hamsini, na zamani hakuna aliyefuma pindo la tausi kama yeye.

Mwaka huo Sabapathi alikuwa na kazi moja tu moyoni: sari nyekundu ya harusi ya bintiye Kayalvizhi. Aliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaoifuma, kuanzia uzi wa kwanza hadi wa mwisho.

Basi mnaijua desturi yetu. Kila sari ikikatwa mtamboni, sahani ya ladu, vile vitufe vitamu vya unga na sukari, inapita, na mfumaji anakula wa kwanza. Sabapathi alikula wa kwanza, akala wa pili, akala wa mwisho pia ili sahani isirudi na kitu. Siku nzima alikaa shimoni mwa mtambo, miguu tu ikicheza. Lakini siku mbili kabla ya kipimo cha mwaka pale ushirika wa wafumaji, mngemshangaa! Hakugusa wali. Alamelu alimkamulia karela, lile tunda la kijani lililo chungu kama shubiri, yeye akabana pua akanywa, kisha akazunguka bwawa la hekalu mara nne. Sukari ikasoma vizuri. Akarudi nyumbani kifua mbele, akaagiza ladu.

"Baba Kayal, tunamdanganya nani?" Alamelu alimwuliza mara moja.

"Nimefaulu, mama. Aliyefaulu haulizwi alisoma saa ngapi."

Mwaka huo muuguzi Tamilselvi alikuja ushirika na kitu kipya: kamera inayopiga picha sehemu ya nyuma ya jicho. Sabapathi, tumbo lake limejaa karela, alicheka.

"Dada, mimi nahesabu nyuzi za hariri bila miwani. Unataka kuniuzia miwani?"

"Sikuulizi macho yako yanaona nini, kaka. Nataka kuona yaliyo ndani yake. Weka kidevu hapa. Usipepese."

Mwanga ukapiga. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea duara la rangi ya chungwa, mishipa midogo imetambaa kama mizizi. Kompyuta ikailinganisha na picha za maelfu ya watu, wakiwamo waliokuja kupata kisukari miaka ya baadaye. Tamilselvi akasoma, akavuta kiti karibu.

"Huna ugonjwa kwa picha hii, kaka. Ila inasema hatari yako ni kubwa. Nenda hospitali ukapimwe damu kwa kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu."

"Sukari yangu umeipima sasa hivi! Imesoma vizuri!"

"Imesoma ya leo."

Sabapathi aliondoka amevimba. Nyumbani alipaza sauti ili majirani wote wasikie: eti kamera sasa inapiga ramli, kesho itamwambia na siku ya mvua. Ni Masilamani aliyesimamisha kigurudumu chake.

"Mdogo wangu, safari hii ulikunywa karela siku ngapi?"

Sabapathi akashtuka. "Karela gani?"

"Mimi kipofu, pua ninayo. Siku ngapi?"

"Mbili."

Masilamani akacheka, kicheko kikaisha haraka. "Mimi nilikuwa nakunywa siku tatu. Daktari alikuwa ananisifu kila mwaka."

Sabapathi alimtazama kaka yake akiutafuta uzi sakafuni kwa kiganja, akiukosa, akiutafuta tena. Ulikuwa karibu na goti lake. Sabapathi akainama, akamwekea mkononi.

Kesho yake alikwenda hospitali, tumbo limejaa wali, bila hila. Kipimo cha miezi mitatu kikasema alikuwa mpakani kabisa mwa kisukari. Daktari akamwambia mpakani mtu bado anaweza kugeuza njia, ila asichelewe.

Akageuza. Kahawa ikawa bila sukari, na siku ya kwanza aliinywa kwa sura ya mtu aliyefiwa. Wali ukapungua, maharage na mboga vikaongezeka. Kila saa alitoka shimoni akazunguka bwawa, si kwa siku mbili, kwa mwaka mzima. Siku sari nyingine ilipokatwa, Alamelu alipitisha karanga za kuchemsha na mapera.

"Sabapathi, tunalishwa kama kasuku?" jirani mmoja akafoka.

"Kula, kasuku wangu," Masilamani akamjibu. "Mimi ladu zako na zangu nilishazimaliza."

Mwaka ulipozunguka, Sabapathi aliweka kidevu kwenye kamera bila kuitwa mara mbili. Picha ikasema hatari imeshuka, na damu ikakubaliana nayo.

Wiki moja kabla ya harusi, sari nyekundu ilitandazwa uani. Masilamani akapitisha vidole kwenye pindo, pole pole, hadi kwenye shingo ya tausi wa tisa. Vidole vikasimama.

"Hapa umeruka uzi."

Sabapathi akainama bila miwani. Palikuwa na uzi mmoja, mwembamba kama unywele, umepita juu badala ya chini.

"Naona, kaka," akasema. Akachukua sindano, akaketi kumrekebisha tausi wa bintiye.

MAFUNZO

Kipimo si mtihani wa kuibia majibu. Ukijinyima siku mbili ili usomeke vizuri, nesi atakuandikia cheti, ila mwili wako hausomi vyeti. Nenda ukapimwe kama unavyoishi. Na ukionyeshwa hatari ingali mbali, usimtukane aliyekuonyesha. Mshukuru, maana amekupa nafasi ambayo Masilamani hakuipata.