Mashine Iliyokataa Kusema Hakuna

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma.

Chesang hakugeuka. Alikanyaga mafuta, Land Rover ikaruka tuta la Kiminini, Peugeot 504 nyeupe ikiwa nyuma yake. Kiti cha pembeni kilikuwa na gunia la mahindi. Ndani ya mahindi, diski ya kompyuta yenye damu ya Wacera.

Wacera, fundi wa kompyuta katika idara yao ya kuzuia magendo, alikuwa rafiki yake wa kufa kuzikana. Asubuhi hiyo ya mwaka 1994, mabomu yalilipuka Matisi na Kibomet, mitaa miwili ya Kitale. Yaliteketeza mashine mbili zilizohifadhi namba za malori ya magendo ya bunduki: moja asili, moja nakala. Na ni mwenye akili gani aliyeziweka zote Kitale? Nderitu, mkubwa wao. Eti kupunguza usumbufu! Wacera aliingia motoni akatoka na diski. Alikata roho mikononi mwa Chesang.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Madam, ni Khaemba, kizuizi cha Bungoma. Malori yako hapa. Nikiuliza kompyuta, inasema tu ati sehemu ya namba imepotea. Imekataa kujibu kabisa."

"Afadhali. Haijui, na imesema haijui. Usiiguse."

"Lakini mkubwa Nderitu amefika. Anataka nifute hiyo alama ya kupotea, tuanze na sehemu tupu."

Chesang alikanyaga mafuta zaidi. Sehemu tupu ingejibu "hakuna" kwa kila lori la magendo. Kizuizi kingefunguliwa, na bunduki zingepanda hadi Cheptais, kwa mama yake mzazi.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Khaemba, mwambie mashine ni nzee, inajivuta."

"Ameshika bastola, bana."

"Jivute na wewe."

Kwenye daraja la Kamukuywa alikanyaga breki ghafla. Peugeot ilimkwepa, ikavunja ukingo, ikatumbukia mtoni. Chesang hakusimama kuangalia.

Bungoma, aliingia ofisi ya kizuizi kwa mlango wa nyuma, bastola yake ya Browning mkononi, gunia begani. Nderitu alikuwa amesimama nyuma ya Khaemba, bastola mkononi.

"Chesang, hii ni amri ya..."

"Weka chini, mzee."

Nderitu aliitazama Browning, akaiweka yake chini. Askari wa kizuizi wakamfunga pingu.

Khaemba aliunganisha diski. "Nifute alama sasa?"

"Hapana! Data irudi kwanza. Alama baadaye."

Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Chesang aliona aibu kwamba alikuwa anaomba Mungu.

Namba zikajaa kwenye skrini. Kila lori lililosimama nje lilikuwemo. ZUIA. ZUIA. ZUIA.

Askari walivuta maturubai. Chini ya vitunguu, masanduku ya bunduki.

Khaemba alicheka kwa sauti. "Imerudi yote, madam! Si umpigie Wacera simu umwambie? Atafurahi huyo!"

Chesang alivaa miwani yake ya jua. Alifuta diski kwa leso, taratibu, mpaka damu ikatoka.

"Nitamwambia," alisema, akaenda zake.