Feni ya Lola

Kila nikitoka shule niliuchukua mkono wa Lola, bibi yangu mzaa baba, nikaugusisha kwenye paji la uso wangu kumwamkia, kisha mbio hadi kwenye kompyuta. Jumapili Lola angetimiza miaka themanini, na ukoo mzima ungekuja kwetu Iloilo. Mimi, Rhealyn, nilikuwa namtengenezea katuni kwa siri, ya maisha yake tangu akiwa msichana mfumaji wa vitambaa huko Miagao.

Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa kuukuu. Kwa mwendo wake, katuni ingekamilika wageni wakishaondoka. Tiyo Nonoy, baba yangu mdogo, ni fundi wa kompyuta na anakaa nyumba ya pili. Alinionyesha jinsi ya kuiongezea kasi prosesa, ubongo wa kompyuta. Kasi ikipanda, prosesa hutaka umeme zaidi, na umeme ukizidi, joto nalo huzidi. Akanionya nipandishe volti kidogo kidogo, kila hatua niijaribu saa nzima, na nisipite volti moja na robo.

Lakini mimi na subira wapi na wapi! Nikarukia volti moja nukta nne, kasi nikaipeleka juu kabisa. Kompyuta ikapata joto la digrii tisini na tano, ikazimika. Badala ya kushusha volti, nikaufungua ubavu wa kompyuta, nikamwomba Lola feni yake, ambayo ndiyo feni pekee nyumbani.

"Chukua tu, mjukuu wangu," akasema. "Leo nasikia baridi."

Baridi gani Aprili, mwezi ambao kwa joto hata mbwa hawana nguvu ya kubweka? Nilijua. Ila ilinifaa kuamini, nikaamini. Nikaielekeza feni kwenye prosesa, na kazi ikaenda vizuri siku tatu.

Alhamisi nilipouchukua mkono wa Lola, ulikuwa unachoma. Alikuwa ameketi sakafuni, kipepeo cha majani alichokuwa akijipepea kimemdondoka, midomo imemkauka, na jina langu alilitamka kwa shida. Nikapiga kelele kumwita Tiyo, kisha nikaibeba feni na kumgeuzia Lola. Nyuma yangu kompyuta ikazimika. Sikugeuka.

Tiyo akamlaza, tukamfunika shingo na makwapa kwa vitambaa vilivyoloa, kisha tukampeleka zahanati. Muuguzi akasema ni joto na upungufu wa maji, na kwamba tungechelewa kidogo tu, mambo yangekuwa mengine. Nililia mpaka kwikwi.

Jioni, Lola akiwa amerudi nyumbani na kupata nafuu, Tiyo alizitazama namba zangu za kasi na volti akaniuliza prosesa ilikuwa inapozwa na nini. Ningeweza kusingizia chochote. Nikamwambia ukweli wote.

Hakunigombeza. Tulianza upya, feni ikiwa kwa Lola. Tulishusha kasi, tukaanza na volti ndogo, tukapanda kidogo na kungoja, mpaka volti moja nukta mbili. Saa nzima ikapita bila hitilafu, joto digrii sabini na nane. Kazi ilikwenda polepole kuliko zile siku tatu, lakini Jumamosi mchana katuni ikawa tayari.

Jumapili Lola alijiona kwenye skrini, msichana mwenye nywele ndefu mbele ya mtambo wa kufumia vitambaa, akafuta machozi kwa ukingo wa gauni. Tiyo akaniinamia.

"Prosesa yako haikuwa imetulia, Rhealyn. Bibi yako ndiye aliyekuwa anaibeba. Jambo likienda sawa kwa sababu mtu mwingine anaumia kimya kimya, ujue bado halijaenda sawa. Lishushe mpaka lisimame lenyewe."

Nilimwomba Lola msamaha. Akacheka, akanivuta kifuani. Kisha, alipodhani simwoni, akanyoosha mkono akaigeuza feni kuelekea kompyuta, isije ikapata joto, maskini.

Nikaigeuza tena imwelekee yeye.