Pampu Iliyoungua Kwamsisi

Jumanne, saa nne asubuhi, pampu ya kisima cha Kwamsisi ilikutwa imeungua. Mtu alikuwa amefunga koki kuu huku mota ikizunguka. Kiangazi kilikuwa kimeshika, na hapakuwa na kisima kingine karibu.

Sajenti Semboja alikuja kutoka Handeni bila haraka. Mwaka ule wa 2008 alikuwa ameshughulikia ugomvi wa maji mpaka moyo ukafa ganzi. Alimhoji kwanza Kasmiri, fundi wa Korogwe aliyefunga kisanduku cha kuendeshea pampu, lakini siku hiyo Kasmiri alikuwa kazini Mashewa mbele ya watu. Mzee Mhina, mlinzi wa kisima, alieleza kwamba asubuhi yote alikuwa pale peke yake akifagia.

Kumbukumbu za kisanduku, zilizotolewa kwenye kadi yake, zilionyesha maji yaliacha kutoka 3:05. Semboja akasoma saa tisa usiku. Usiku huo Lenku, mfugaji, alilala kisimani na ng'ombe wake, akaondoka alfajiri kwenda mnadani. Akawekwa mahabusu. Alisema si yeye.

Kesi ingeishia hapo, ila Kasmiri alitaka kujua kwa nini kisanduku hakikuizima mota. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimeungua, kadi yake imepona. Akanakili kutoka kwenye kadi mfumo wa Linux uliokiendesha na kuuwasha kituoni kwenye kompyuta yake, ndani ya programu inayojifanya kisanduku. Kabla ya lolote, kioo kiliuliza: "Saa ngapi sasa?"

"Swali hili huja lini?" Semboja aliuliza.

"Kila umeme ukirudi. Kiswahili nilikiweka mimi, walinzi wasipate taabu. Jumatatu umeme ulikatika; uliporudi, Mzee Mhina ndiye aliyejibu."

Semboja alimwita Mhina, akamwamkia, akamwomba ajibu tena. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mzee akabonyeza 4.

Kasmiri alijishika kichwa. Kwa mashine, inayohesabu kuanzia saa sita ya usiku, hiyo ni saa kumi ya usiku.

"Basi ile tatu ilikuwa saa tatu asubuhi, mzee," Semboja alisema. "Lenku alikuwa mnadani. Peke yako ulikuwa wewe, umesema mwenyewe."

Mhina hakukana. "Ng'ombe wa hawa wafugaji wamemaliza mahindi yangu. Nilitaka wahame tu. Sikutaka afungwe."

"Ulimwona akifungwa."

"Nilimwona."

Lenku alitolewa mchana huo. Semboja alimweleza habari iliyofika kutoka Kwamsisi: mkewe, Naitoi, alikuwa ameswaga ng'ombe waliobaki na kuondoka na watoto kutafuta maji, na hakuna aliyejua wameelekea wapi. Sajenti alitafuta huruma moyoni mwake, hakuikuta.

"Kumbe wamehama," Mhina alisema nyuma ya nondo.