Elfu Nane Mia Moja Tisini na Moja

Jambo lenyewe lilianza kwa udogo wa kuchekesha. Mchana mmoja Mwanamisi alirudi kutoka shamba, pale Lukozi, akakuta maharage aliyoyaanika yamepangwa mafungu ya saba saba, na binti yake Rahma, wa miaka tisa, ameketi katikati akinuka chuma kilicholowa. Kesho yake ukawa wali, punje kwa punje. Ulipobaki bila kugawanyika, mtoto hakula. Wiki ya tatu alikuwa ngozi na mifupa, na sauti iliyomtoka kooni ilikuwa ya mwanamume.

Salimu, mganga aliyeitwa kutoka Vuga, alifukiza, akasoma, akatisha. Jini likamcheka. Aliyeona njia ni Yusufu, kaka yake Mwanamisi, mwalimu wa hesabu na mbishi wa majini, mpaka siku hiyo. Walikesha ndugu hao wawili juu ya robo debe ya maharage, wakahesabu na kutenga elfu nane mia moja tisini na moja.

"Hiyo ni namba tasa, dada," alimnong'oneza uani. "Hakuna mafungu sawa humo. Litahangaika bure."

"Una hakika, kaka?"

"Kuliko jina langu."

Salimu akaliwekea jini sharti juu ya maharage hayo, nalo likaapa. Likiyagawa mafungu sawa bila kubakiza hata moja, kabla ya adhana ya mchana wa Ijumaa, mtoto ni wake. Likishindwa, litoke lisirudi. Moja moja si fungu, na rundo zima si kugawa.

Jumatano na Alhamisi Mwanamisi alisikiliza akiwa jikoni, ta, ta, ta, vidole visivyochoka. Likagawa kwa mbili, likabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa tano, kwa saba, likabaki moja vilevile, na kila mara jini lilinguruma, naye mama akalipenda lile moja la mwisho kama mtu. Kucha za mtoto zilikuwa zinavuja damu.

Asubuhi ya Ijumaa alimpelekea Rahma uji chumbani, haukuguswa. Akitoka aliona harage mlangoni, lililodondoka kutoka kwenye debe usiku ule bila kuhesabiwa. Akainama, akalipuliza vumbi, akalitupia kwenye rundo, kama mwanamke yeyote wa Lukozi ambaye hawezi kuruka mbegu iliyolala chini. Alifika jikoni ndipo akaikumbuka hesabu.

Huko chumbani ile ta, ta ikageuka mchakacho mwepesi, na rundo likawa mawili yasiyobakiza kitu, mawili yakawa manne, manne nane, nane kumi na sita, yakiendelea kukatika nusu kwa nusu kwa raha tupu huku Yusufu kasimama mlangoni uso umempauka akihesabu kwa vidole na kurudia kwamba haiwezekani, haiwezekani, na Salimu kafunga kitabu katikati ya aya, na harufu ya chuma ikijaa nyumba nzima hadi ulimini, mpaka chini ikabaki mistari ya mafungu ya mbili mbili.

"Niliongeza moja," Mwanamisi alisema taratibu.

Kaka yake akaacha kuhesabu. Bondeni adhana ikaanza.

Rahma akainua kichwa, akatabasamu, vidole bado vikipanga maharage. "Asante, mama," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba, ambayo Mwanamisi hakuwa ameisikia kwa mwezi mzima, na moyo wa mama, Mungu amsamehe, ukafurahi.