Njia Nyembamba ya Landhi

Asubuhi katika landhi, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ilianza kwa kengele za baiskeli. Kabla Truphosa hajamaliza kukoroga uji, alizisikia zikija kutoka upande wa mjini Nakuru. Walikuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu wakiwahi darasani. Baada ya baiskeli zilikuja pikipiki, na baada ya pikipiki zilikuja motokaa za walimu na za makarani waliosoma pale.

Ulikuwa mwaka wa 1958. Nyumba za wafanyakazi wa reli zilisimama kwa safu mbili, zikitazamana. Katikati ilipita njia moja ya udongo mwekundu. Njia hiyo iliishia kwenye geti la chuo. Magari hayakuruhusiwa kuingia ndani ya geti, wala baiskeli. Basi kila mtu aliacha chombo chake hapo nje, mbele ya nyumba za watu, kisha akaingia chuoni kwa miguu.

Truphosa alizoea kupita akijibana na ndoo ya maji kichwani. Hapa baiskeli, pale motokaa, mbele mkokoteni wa muuza makaa.

"Siku moja tutatoka nyumbani kupitia dirishani," alimwambia jirani yake Wamaitha.

"Wewe utapita," Wamaitha alijibu. "Mimi na mwili huu nitakwama!"

Wakacheka. Wamaitha alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa jikoni karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Nusu ya watoto wa landhi walivaa sare alizozishona yeye.

Mume wa Truphosa, baba wa binti yao Awuor, aliitwa Micah Owuor. Alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Mwezi wa pili mwaka huo alinunua pikapu kuukuu ya kijani kutoka kwa mkulima mmoja wa Rongai. Kila Jumamosi aliipeleka Keringet, akarudi na kabichi na viazi vya kuuza sokoni. Siku nyingine pikapu ilisimama kwenye kona, pale njia ya landhi inapoachana na barabara kubwa. Owuor alipapenda pale kwa sababu aliweza kuiona akiwa amekaa mezani. Kila jioni aliifunga milango kwa ufunguo, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, kisha akaweka mawe mawili chini ya magurudumu.

"Baba Awuor," Truphosa alimwambia, "hii pikapu yako inaziba kona."

"Inaziba kona?" Owuor alishangaa. "Mbona husemi zile za wanafunzi? Wale wanatoka kwao kuja kutuzibia njia. Mimi niko kwangu."

Truphosa alirudi jikoni. Alijua jinsi mumewe alivyoipenda pikapu hiyo. Alikuwa akiipangusa vumbi kwa kitambaa mara nyingi kuliko alivyopangusa viatu vyake vya kanisani.

Siku moja ya Jumatano, Owuor alitumwa Rongai kutengeneza behewa lililoharibika breki. Aliondoka kwa treni ya asubuhi. Pikapu ilibaki kwenye kona. Upande wa pili wa njia, mkabala nayo, karani mmoja aliacha motokaa yake, akaenda zake darasani.

Ilipofika saa tano, Truphosa alikuwa anaanika nguo. Mara alisikia kelele.

"Moto! Jamani, moto!"

Ilikuwa sauti ya Wamaitha. Truphosa aliangusha shuka na kukimbia. Moshi mweusi ulitoka katika dirisha la jiko la Wamaitha. Wamaitha mwenyewe alikuwa nje, amemkumbatia mtoto wake mdogo. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeungua.

"Ni stovu," alisema. "Nilitia mafuta ya taa ikiwa bado ya moto. Ikalipuka."

"Kuna mtu ndani?"

"Hakuna. Lakini cherehani yangu, Mama Awuor! Cherehani yangu!"

Wanawake walikuja na ndoo. Walimwaga maji, lakini mafuta ya taa yalielea juu ya maji na moto ukazidi kutambaa sakafuni. Mwanafunzi mmoja, Peterson Ndung'u, aliuona moshi akiwa getini. Alikimbia hadi ofisi ya chuo kupiga simu. Hazikupita dakika nyingi, na kengele ya gari la zimamoto ikasikika barabarani.

"Wamekuja!" watu walipiga kelele kwa furaha.

Lakini gari lilipofika kwenye kona, lilisimama. Kushoto pikapu ya kijani, kulia motokaa ya karani. Dereva alijaribu kuingia. Akarudi nyuma. Akajaribu tena. Haikuwezekana.

Mkubwa wao, mtu mrefu aliyeitwa Kimaiyo, aliruka chini. "Vuteni mpira!" aliamuru. Vijana wake walikimbia na mpira wa maji mpaka ukanyooka wote. Ulifika nyumba ya nne. Jiko la Wamaitha lilikuwa nyumba ya tisa.

"Hii pikapu ni ya nani?" Kimaiyo aliuliza.

Watu wote walimgeukia Truphosa. Alihisi uso wake ukiwaka kuliko lile jiko.

"Ni yetu," alisema. "Ufunguo uko na mume wangu. Na mume wangu yuko Rongai."

Kimaiyo hakuuliza zaidi. Alichukua shoka akavunja kioo cha mlango. Aliingiza mkono, akafungua, akalegeza breki. Truphosa mwenyewe aliinama akavuta mawe chini ya magurudumu. Watu kumi walisukuma. Pikapu ikabingirika na kulala kwa pembe katika mtaro. Gari la zimamoto likapita.

Moto ulizimwa upesi baada ya hapo. Ukuta wa nyumba ya jirani ulikuwa umeanza kupata joto, lakini haukushika moto. Hakuna aliyeumia. Ila jiko lilikuwa limekwisha. Paa lilianguka, meza ikawa mkaa, na vitambaa vya sare vyote viliteketea.

Saa kumi Owuor alirudi. Aliiona pikapu yake mtaroni, kioo kimevunjika. Alitupa mfuko wake wa vyombo chini.

"Nani amevunja gari langu?" alifoka. "Ni wale wanafunzi?"

Truphosa alitoka, akamshika mkono. "Njoo kwanza."

Alimpeleka hadi kwa Wamaitha. Wamaitha alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko lililoungua. Mumewe, Naftaly, alikuwa akifukua majivu kwa koleo.

"Karibu, shemeji," Wamaitha alisema. "Leo sina chai ya kukupa. Hata jiko la kuipikia sina."

Owuor alitazama mabati yaliyojikunja. Truphosa alimweleza yote, polepole, bila kupaza sauti. Alimwambia kuhusu kona, mpira uliokuwa mfupi, na ufunguo uliokuwa Rongai.

"Lakini hata motokaa ya yule karani ilikuwepo," Owuor alisema.

"Ilikuwepo," Truphosa alijibu. "Yake ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa yetu."

Owuor alikunja mikono ya shati lake, akachukua koleo kutoka kwa Naftaly, akaanza kufukua. Baada ya muda alitoa kitu kizito cheusi kutoka kwenye majivu. Kilikuwa kichwa cha cherehani. Mbao zake ziliungua, lakini chuma kilibaki.

"Niachie hiki," alisema. "Chuma nakijua."

Jumamosi hiyo hakwenda Keringet. Asubuhi yote alikaa mlangoni akisugua cherehani kwa brashi na mafuta. Naftaly alitengeneza meza mpya.

Mchana, Kimaiyo alikuja kwa baiskeli. Hakuvaa nguo za kazi. Begani alibeba kamba ndefu.

"Nimekuja kuwaonyesha kitu," alisema. "Iteni watu."

Watu wa landhi walikusanyika njiani. Ndung'u alikuja na wanafunzi wenzake watano. Yule karani mwenye motokaa alikuja pia, akasimama nyuma ya watu.

Kimaiyo aliwapa Truphosa na Naftaly ncha za kamba. Wakaivuta kutoka upande mmoja wa njia hadi wa pili.

"Njia yenu ina upana wa futi kumi na nane," Kimaiyo alisema. "Gari likisimama kando linachukua futi sita. Mama, zinabaki ngapi?"

"Kumi na mbili," Truphosa alijibu.

"Jingine likisimama mkabala nalo?"

"Zinabaki sita."

"Na gari langu la zimamoto lina upana wa futi nane."

Kila mmoja alikuwa akitazama kamba.

"Sasa mmeona," Kimaiyo aliendelea. "Simwambii mtu yeyote asiwe na gari. Gari ni kitu kizuri. Mimi mwenyewe nikipata pesa nitanunua. Lakini wekeni magari upande mmoja tu. Mkifanya hivyo, mimi nitapita, gari la wagonjwa litapita, na lori la taka litapita."

"Na kwenye kona?" Owuor aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Kwenye kona usiweke kitu, mzee. Gari refu likikata kona linahitaji nafasi kubwa. Hesabu hatua kumi kutoka kwenye kona. Hapo katikati pawe wazi, hata kwa mkokoteni."

"Na mtu akisafiri, kama mimi?"

"Acha ufunguo nyumbani. Mtu wa nyumbani ajue uko wapi."

Truphosa alimtazama mumewe. Owuor alijifanya anaangalia kamba.

"Jambo jingine, mama," Kimaiyo alimwambia Wamaitha. "Stovu ikiwa ya moto usitie mafuta. Ngoja ipoe kabisa. Na mafuta ya taa yakiwaka usimwage maji. Tia mchanga. Wekeni ndoo ya mchanga karibu na kila jiko."

Muuza makaa aliinua mkono. "Mimi mkokoteni wangu nitauweka wapi? Upande mmoja utajaa magari ya chuo."

Hapo kelele zilianza. Wengine walisema wanafunzi wafukuzwe. Wengine walitaka njia ifungwe kwa mti. Ndung'u alisubiri watu watulie.

"Wazee na akina mama," alisema, "hata sisi hatupendi kuacha baiskeli huku. Juzi yangu iliangushwa na mbuzi. Lakini tumekatazwa kuingia nazo."

"Mlikatazwa na nani?" Truphosa aliuliza.

"Sijui. Tulipofika tulikuta hivyo."

"Mlishawahi kuomba?"

Ndung'u aliwatazama wenzake. "Hapana, mama. Hatujaomba."

Truphosa alicheka, na watu wengine wakacheka. "Basi Jumatatu tutaomba," alisema.

Jumatatu walikwenda watatu: Truphosa, Naftaly na Ndung'u. Truphosa alivaa gauni lake la kanisani. Moyo ulimdunda alipoingia katika ofisi ya Mkuu wa chuo. Lakini alikuwa amebeba kamba ya Kimaiyo, na kamba hiyo ilimpa nguvu. Alieleza mambo ya futi kumi na nane, futi sita na futi nane. Aliomba Mkuu aje aone mwenyewe.

Mkuu alikuja. Walivuta kamba mbele yake. Alipofika jikoni kwa Wamaitha alivua kofia.

"Ile amri tuliiweka wakati wa ujenzi," alisema. "Uwanja ulijaa matofali na kokoto. Mafundi wameondoka tangu mwaka jana, na hakuna mtu aliyenikumbusha."

Wiki iliyofuata geti lilifunguliwa. Nyuma ya madarasa palikuwa na uwanja mkubwa uliotosha motokaa zote za chuo. Wanafunzi wenyewe walijenga banda la baiskeli kwa nguzo na mabati. Jioni, uwanja ukiwa mtupu, Mkuu aliruhusu watu wa landhi wenye magari waweke yao humo.

Siku ya kwanza Owuor alirudi kutoka uwanjani kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Alifika mlangoni koti lake limelowa.

"Ni mbali," alinung'unika.

"Ni dakika nne," Truphosa alisema na kumpa taulo. "Nimezihesabu."

Jumapili baada ya ibada, Owuor na muuza makaa walichora mstari mweupe wa chokaa upande mmoja wa njia. Kwenye kona walipima hatua kumi, wakapaka mawe chokaa na kuyapanga ukingoni. Owuor alirudia mstari mara mbili mpaka uliponyooka kama reli. Jikoni mwa Wamaitha, chini ya paa jipya, cherehani ilianza kulia tena. Ilipiga kelele kidogo kuliko zamani, lakini ilishona vizuri.

Watoto walianza kucheza njiani. Akina mama waliokuwa wakienda bombani walitembea wawili wawili, wakizungumza.

Miezi mitatu ilipita. Alasiri moja, Truphosa alikuwa kwa Wamaitha akimsaidia kushona vifungo. Nyakio, mke kijana wa nyumba ya mwisho karibu na geti, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza na ulikuja mapema, naye mkunga alikuwa ameagiza apelekwe hospitali mara moja. Ndung'u alipiga simu.

Gari la wagonjwa lilitoka barabara kubwa, likakata kona na kupita moja kwa moja. Halikupunguza mwendo ila kwa ajili ya kuku wawili. Punde lilipita tena likirudi, Nyakio akiwa ndani, mama mkwe wake amemshika mkono.

Wamaitha aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Ni gari gani hilo? Limekuja kwa nani?"

"Kwa Nyakio," Truphosa alisema, akiwa amesimama dirishani. "Limeshamchukua. Limeshatoka."

"Limeshatoka? Hata sijamaliza mkono mmoja wa shati!"

Jioni mama mkwe alirudi kwa miguu kutoka hospitalini. Alianza kupiga vigelegele tangu kwenye kona, na aliendelea kuvipiga njia nzima, nyumba hadi nyumba, akitembea katikati ya barabara. Mtoto alikuwa msichana, na mama yake alikuwa salama.