Zawadi ya Terabaiti Mbili

Mji wa Mbale ukiwa na harusi, usitafute pa kupita. Jumamosi ile magari yenye riboni yaliuziba mzunguko wa mnara wa saa, honi zikalia, na Hajara, aliyetoka Jinja kwa harusi ya binamu yake, akakimbilia kibanda cha kwanza alichokiona. Alivaa gurbaba, lile vazi la Kinubi, ya rangi ya chungwa, viganja vyekundu kwa hina, na kifuani alikumbatia kompyuta kama mtu anayekimbiza mtoto hospitali.

"Fundi, hii imegoma. Iko nzito, haitaki kuhifadhi kitu."

Fundi Mutwalibu alikuwa Mgisu mrefu, aliyenyoosha shati lake kuliko alivyonyoosha maisha yake. Akaifungua, akatikisa kichwa.

"Imejaa, mama. Inabeba giga mia tatu na ishirini, wewe umeijaza mpaka mlangoni."

"Kwani kompyuta inaweza kubeba kumbukumbu kiasi gani?"

"Zaidi ya mimi na wewe. Lakini hii yako, basi. Tufute kidogo."

"Hapana futa!" Watu wakageuka. "Ukifuta kitu hapo, mimi na wewe ni polisi."

"Basi sifuti. Nipe namba, nitakuuliza faili moja moja."

"Faili ziko elfu kumi na moja, bwana."

"Ndiyo sababu nataka namba."

Hajara akacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu awe mjane, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza wote wawili.

Simu zikaanza, Mbale na Jinja kila jioni.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Posho na maharagwe."

"Bila mimi?"

"Bila wewe. Ndiyo maana haina chumvi."

Baadaye Hajara akamweleza kwa nini hakuna kufuta. Mumewe, Jafar, alikwenda Baghdad kuwa mlinzi akamwacha mjamzito. Binti yao, Shamira, alipozaliwa, Jafar alituma adhana kwa simu ili mtoto aisikie sikioni kwa sauti ya baba yake. Dakika tatu, na katikati alikohoa. Kikohozi hicho kilimuua miezi miwili baadaye, hajamwona mtoto. Simu iliyopokea adhana iliibwa sokoni, ikabaki nakala moja tu, humo kwenye kompyuta.

Shamira sasa alikuwa na miaka mitano. Kila baada ya magharibi, nyumbani kwao Walukuba, Jinja, alikaa mkekani akisema, "Mama, weka baba," naye Hajara akamfungulia ile adhana. Mutwalibu alipokuja kutembea, nyama mkononi, alikuta hivyo hivyo. Mwanzoni alimhurumia mtoto. Kisha akaona wivu, na wivu wa kumwonea marehemu ni mbaya, maana hakuna wa kupigana naye.

Mwezi wa nane akaposa, akakubaliwa. Akaleta na zawadi: flashi aliyoinunua kwa mchuuzi stendi, imeandikwa kwa herufi za dhahabu, terabaiti mbili.

"Hii itabeba kumbukumbu zako zote, pamoja na watoto wetu kumi."

"Kumi utazaa wewe!" Hajara akampiga begani. "Umehakikisha lakini?"

"Mimi ni fundi, Hajara."

Akahamisha kila kitu. Alipoona majina yote elfu kumi na moja yamejipanga ndani ya flashi, akaifuta kompyuta na kuweka programu mpya. Mashine ikakimbia, naye akarudi Mbale akipiga mluzi.

Kesho yake simu ikalia.

"Adhana haifunguki."

"Jaribu tena, mpenzi."

"Nimejaribu mara ishirini! Jina lipo, sauti hakuna. Umemwonea wivu marehemu, ukamfuta!"

"Wallahi sikumfuta!"

Simu ikakatwa. Mutwalibu alifika asubuhi, akapewa flashi na kompyuta dirishani bila salamu. Akaipima flashi. Ilikuwa bandia: ndani mlikuwa na giga thelathini na mbili tu. Zilipojaa, iliendelea kupokea na kutupa, ikibakiza majina. Kwa siku tatu alichimba kwenye diski ya kompyuta, lakini ile programu mpya ilikuwa imekalia kila kitu.

Siku ya nne akarudi Walukuba. Hajara alimpokea mlangoni, hina ya posa imepauka, macho yamevimba.

"Flashi ilikuwa bandia," alisema Mutwalibu. "Adhana imepotea."

"Kwa hiyo walikudanganya." Sauti yake ililegea. Alikuwa akimtafutia njia ya kumsamehe, na Mutwalibu aliiona.

"Walinidanganya. Lakini sisi mafundi tunajua. Kitu kama hiki unakijaza, unakisoma chote, siku nzima, ndiyo unafuta. Mimi sikujaribu. Nilitaka sauti ya Jafar itoke kwenye mashine siku ile ile."

Hajara akashika mlango. Maumivu yalimpita usoni.

Nyuma yake Shamira alikuwa mkekani. Amechoka kungoja, akaweka mikono masikioni, akaanza mwenyewe: Allahu akbar. Neno kwa neno, akivuta sauti kama baba yake. Alipofika hayya alal-falah akanyamaza, akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu mzima, akaendelea.

Hajara akageuka. "Rekodi!" Akaitoa simu yake, akamsukumia Mutwalibu.

Simu ikaandika: nafasi imejaa.

"Imejaa. Nifute nini?"

"Wewe ndiye fundi."

Akafungua picha. Shamira na Idd, Shamira na sare ya shule, akazipita. Zikaja za wao wawili: kando ya Nile, chini ya mlima Wanale, siku ya posa. Zaidi ya mia mbili.

"Nifute hizi?"

Hajara alizitazama kwa muda mrefu.

"Futa."

Akafuta zote. Kisha akachuchumaa. "Shamira, anza tena, mama." Mtoto akaadhini dakika tatu, akakohoa palepale. Mutwalibu akaisikiliza rekodi yote, mwanzo hadi mwisho, simu sikioni, ndipo akaiweka mkekani.

"Imeshika," alisema.

"Asante, fundi."

Kwa miezi minane hakuwa amemwita hivyo. Mutwalibu akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.