Tetekuwanga Isiyokuwepo

Baba alipiga simu shuleni akasema binti yake ana tetekuwanga. Haikuwa kweli. Binti mwenyewe alikuwa buheri wa afya, amesimama pale pale kando ya simu, begi mgongoni, akisubiri safari.

Nyumbani na shuleni walimwita Kwanini, kwa sababu tangu ajue kusema hakuna jambo aliloliacha lipite bila kuliuliza. Alikuwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Baba yake alikuwa fundi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kushinda ndani ya mashimo marefu yenye giza, kati ya kamba za chuma na grisi, na likizo yake ilipangwa na ofisi, si yeye. Ofisi ilikuwa haijampa likizo tangu Kwanini akiwa darasa la pili. Halafu Jumatatu moja jioni wakamwambia aanze kupumzika kesho yake, au asubiri mwaka mwingine.

Mama alishauri waende kuomba ruhusa kwanza. Baba akatikisa kichwa. Alisema mkuu wa shule yule hana dogo, atakataa, na likizo itaishia kuangalia dari. Kusingizia homa nako alikuona hakufai, maana wangedai cheti cha daktari. Ndipo akaikumbuka tetekuwanga. Kila mtu anaijua, hakuna anayetaka mgonjwa aletwe aonekane, na hakuna atakayekuja kumjulia hali. Baba alijiona mjanja kweli kweli.

Katibu wa shule alimuuliza kwenye simu vipele vimeanza lini. Baba akajibu vimetoka jana usiku. Katibu akauliza kama jana hiyo mtoto alikuja shule. Baba akasema ndiyo, alikuja, alishinda huko mchana kutwa. Akakata simu, akabeba mizigo.

Walikwenda kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye mumewe alikuwa mwendesha mitambo kwenye bwawa la umeme. Na lazima isemwe, ilikuwa likizo nzuri. Baba alilala mpaka jua likawa juu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kwanini akamganda baba mkubwa kama kupe, akimfuata kila alikokwenda. Aliona maji yanavyoingia kwenye bomba pana kuliko chumba chao cha kulala. Aliweka kiganja juu ya chuma akahisi kinatetemeka. Alitaka kujua kwa nini maji yakitoka upande wa pili yana kasi ndogo kuliko yalivyoingia, na hiyo kasi iliyopotea imekwenda wapi. Baba mkubwa alimjibu kwamba imekwenda kwenye taa ya chumbani kwake, na kwamba kama angekuwa na mfanyakazi mmoja tu anayeuliza namna ile, angelala usingizi.

Walirudi baada ya siku sita za shule kupita. Asubuhi ya Jumatano Kwanini alipojiandaa, mama alimletea sweta ya mikono mirefu.

"Vaa," alisema. "Watatafuta makovu."

Jua lilikuwa kali. Alipoketi darasani, jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Wakili kwa sababu ya kupenda kubishana, alimkagua kutoka shingoni mpaka vidoleni.

"Sweta ya nini, bibie? Umegeuka jokofu?"

"Nasikia baridi."

"Na tetekuwanga yako ina adabu. Imekuja, imekusalimia, imeondoka, haijaacha hata alama. Kaka yangu ilimchora kama ramani."

Darasa likacheka. Kwanini akacheka nao, jasho likimtiririka mgongoni. Lakini alikuwa ameona jambo lingine lililomshangaza zaidi. Ratiba ilisema kipindi cha kwanza ni kemia ya vitendo, na hakuna aliyeinuka kwenda maabara. Badala yake aliingia mwalimu wa hesabu, akachora ubaoni kwa chaki bureti, ule mrija wa kudondoshea asidi tone kwa tone, akawaambia wafikirie kwamba ile ni asidi na ile ni besi, na kwamba tone limeshadondoka na rangi imeshabadilika.

"Kwa nini hatuendi maabara?" Kwanini alinong'ona.

Wakili akamwambia maabara imefungwa tangu wiki iliyopita, mwalimu wa kemia haji, na mtihani wa majaribio wa vitendo ni Jumanne. Kwa nini haji? Wakili hakujua. Walimu wakiulizwa wanapiga kimya.

Mwingine angeishia hapo. Kwanini alikuwa hawezi. Wakati wa mapumziko alizunguka nyuma ya maabara, akamkuta mtunza maabara, mzee mwembamba mwenye koti la bluu, akipangusa vioo ambavyo havikuwa na vumbi. Alimwamkia, kisha akamuuliza alikokwenda mwalimu.

Mzee alimtazama kwa mbali kwanza, kama anayepima hatari. Akamuuliza kama vipele vimekauka vyote. Kwanini akasema vimekauka.

"Basi sogea. Mimi niliugua utotoni, hainipati tena. Mwalimu wako ndiye hajawahi kuugua. Na ana mimba ya miezi sita."

"Sasa inahusu nini?"

"Inahusu kwamba Jumatatu ile wewe na yeye mlishinda humu ndani, vichwa vimegusana juu ya bureti moja. Usiku wake wewe ukatoka vipele. Daktari kamwambia akae nyumbani wiki tatu, asikaribie watu. Wamemtoa damu, wakamtoa tena. Mimba yenyewe ameisubiri miaka tisa."

Kwanini alimshukuru mzee, akaenda maktaba. Alichukua kitabu cha magonjwa, akafungua sura ya tetekuwanga, akasoma sehemu inayohusu wajawazito. Alisoma kuhusu mapafu ya mama. Akasoma kuhusu mtoto aliye tumboni. Alikuwa mtu wa kumaliza kila ukurasa anaouanza, lakini ule hakuumaliza.

Jioni ile hakusema neno, na kesho yake pia mchana kutwa hakuuliza swali lolote, jambo lililomfanya Wakili amguse paji la uso kuona kama kweli amepona. Alikuwa anapima. Akinyamaza, mwalimu atakaa akihesabu siku na kushika tumbo lake. Akisema, baba ataitwa mwongo mbele ya watu, yeye ambaye alikuwa amecheka wiki nzima kwa mara ya kwanza tangu Kwanini amjue.

Usiku wa Alhamisi baba alikuwa mezani akifuta grisi kwenye bisibisi zake. Kwanini akaketi mbele yake.

"Baba, ukikuta kibao kimewekwa kwenye lifti kwamba ni mbovu, nayo si mbovu, unafanyaje?"

"Nakiondoa. Watu wanapanda ngazi bure. Wazee, wagonjwa, wenye mizigo."

"Na aliyekiweka?"

"Huyo hafai kwenye kazi yetu." Aliinua macho. "Nani kaweka kibao?"

Kwanini akamweleza yote. Mwalimu, bureti, damu, miaka tisa. Mama aliacha kukunja nguo. Baba alijitetea kidogo, kwamba wiki tatu si nyingi, kwamba vipimo vitatoka vizuri na mambo yataisha yenyewe. Lakini alivyokuwa akisema sauti ilikuwa inashuka, mpaka ikafika chini kabisa ikasimama.

"Baba, yeye hajui kama mtoto wake mzima," alisema Kwanini. "Sisi tunajua."

Baba aliifuta ile bisibisi moja kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa imekwisha kung'aa. Kisha akamwambia mama amtafutie shati safi la asubuhi.

Mkuu wa shule aliwasikiliza bila kuwakatiza. Baba alipomaliza, akaongeza, kwa kujitetea kidogo, kwamba alijua angeomba ruhusa angekataliwa.

"Ningekukatalia, ndiyo," alisema mkuu. "Ungekasirika, ungemchukua mtoto, ungeondoka. Na mimi ningejua yuko wapi na ana nini. Hasira ya mzazi hainitishi, mzee. Ugonjwa usiokuwepo ndio unanitisha, kwa sababu sina dawa yake."

Akapiga simu nyumbani kwa mwalimu wa kemia, akamweleza kwa maneno machache. Akasikiliza. Halafu akamwashiria Kwanini, akampa mkonga wa simu.

"Wewe ni mzima?" sauti ya mwalimu iliuliza.

"Mzima, mwalimu."

"Hukutoka kipele hata kimoja? Usinidanganye."

"Hata kimoja, mwalimu. Tulikwenda likizo."

Kwanini akasikia upande wa pili mtu anavuta pumzi ndefu, kama aliyekuwa chini ya maji na sasa ametoa kichwa, na simu ikakatwa.

Mkuu alidhani mambo yameishia ofisini. Baba ndiye aliyekataa. Alisema kama darasa zima limekosa masomo kwa ajili yake, darasa zima limsikie. Basi fundi wa lifti akasimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano, kofia mkononi, akasema kwa kifupi kwamba hapakuwa na tetekuwanga, kwamba aliyetunga uongo ni yeye, na kwamba wakitaka kumcheka mtu wamcheke yeye, si binti yake.

Hakuna aliyecheka. Kwanini akasimama pale alipokuwa.

"Na mimi nilivaa sweta," alisema. Akaivua, akaiweka juu ya dawati.

Wakili, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliitazama ile sweta, akasema polepole kwamba kumbe mdogo wake wamemzuia bure asitoke nje wiki nzima, eti kwa kuwa dada yake amekaa karibu na mgonjwa. Alisema mama yake amefua mashuka yote kwa maji ya moto mara mbili. Hakusema kwa utani.

Jumatatu mwalimu wa kemia alirudi. Alikuwa amekonda usoni. Alifungua maabara, akafundisha siku ile mpaka jioni, maana Jumanne mtihani ulikuwa wa shule zote na haungeweza kusogezwa. Siku moja haikutosha. Mkono haujifunzi kufunga koki ya bureti kwa tone moja kwa siku moja, na wala haujifunzi kwa chaki.

Matokeo yalipotoka, mwalimu alimwita Kwanini maabara baada ya masomo. Kwanini aliingia na salamu mdomoni na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima. Mwalimu hakumpa nafasi. Alimwambia aoshe vioo, naye akaketi kwenye stuli, mkono tumboni.

"Huko bwawani uliona nini?" aliuliza mwalimu ghafla.

Kwanini alishtuka. Akaanza kueleza kwa woga, bomba, maji, chuma kinachotetemeka. Kidogo kidogo alijisahau, akaeleza kuhusu kasi ya maji na mahali inapokwenda. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza maswali mawili ambayo Kwanini hakuweza kuyajibu, na yote mawili yakamkera kwa utamu.

"Ni mambo mazuri," alisema mwalimu. "Ungerudi na hayo bila uongo, ningekusimamisha mbele uwaeleze wenzako, na siku ulizokosa tungezifidia mimi na wewe jioni jioni. Kukosa shule ni hasara yako, na hasara yako unaweza kuilipa mwenyewe kwa kusoma. Uongo haukai kwako. Unatoka nje unawalipisha watu ambao hata safari hawakwenda. Baba yako hakutaka kuniumiza. Hakunifikiria kabisa, na hapo ndipo ilipo shida. Mtu akitunga uongo huwaza yule anayetaka kumdanganya. Wengine wote huwasahau."

"Mtoto ni mzima, mwalimu?"

"Mzima. Anapiga mateke. Kausha hizo pipeti."

Likizo ile ilikuwa ya siku sita za shule. Mwalimu alitolewa damu mara mbili, akakaa siku kumi bila kulala vizuri. Mdogo wake Wakili alifungiwa ndani wiki nzima. Darasa lilikosa vipindi vinne vya maabara, na kati ya wanafunzi thelathini na wanane, ishirini na mmoja walishindwa mtihani wa vitendo. Jumamosi sita zilizofuata wote walikuja shuleni kurudia, waliofaulu na walioshindwa, pamoja na mwalimu, miguu yake imevimba, na mtunza maabara, ambaye hakulipwa kwa siku hizo.